Mawe Kumi na Mawili

Kosa ninalolisimulia hapa ni langu mwenyewe.

Wengi wanaijua Benaco kwa sababu ya Aprili 1994, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Miti mingi ilikatwa kwa kuni, vilima vikabaki uchi. Mpaka leo tunasema wakimbizi ndio walioharibu ardhi yetu. Mimi niliharibu kijito chetu miaka mingi baada ya wao kuondoka.

Usharika ulikuwa unajenga, na fedha za kununua kokoto hatukuwa nazo. Nikaruhusu tuchimbe changarawe kijitoni. Tulijaza tipa tatu, nikaita zawadi ya Mungu. Mvua za masika zilipokuja, ukingo ulio chini ya shimo letu ulibomoka ukaondoka na migomba ya bibi mmoja mjane. Alikuja ofisini akaniuliza, "Baba Mchungaji, mlidhani mawe yale hayana kazi?"

Sikuwa na jibu. Rafiki yangu mtaalamu wa maji alinieleza wanavyofanya watu wanaorudishia uhai mito ya samaki Ulaya na Marekani. Hupaka mawe rangi, au huyatia kifaa kidogo chenye kutoa ishara, kisha baada ya mafuriko huyatafuta wajue mto umeyapeleka wapi. Wapo samaki wanaotaga kwenye changarawe, akiwamo kuyu wa mito inayoingia Ziwa Victoria.

Basi vijana wa Kipaimara wakapaka mawe 12 rangi nyeupe, kwa kukumbuka Yoshua sura ya 4. Tukayapanga kijitoni, upande wa juu wa shimo. Baada ya mafuriko tuliyatafuta kwa majembe na mikono, tukapata tisa. Yote tisa yalikuwa ndani ya shimo. Hapo nikalielewa swali la bibi. Changarawe hulinda sakafu na kingo za kijito. Shimo likiimeza, maji hutoka hayana mzigo, nayo huenda kujichimbia mwingine ukingoni mwa jirani.

Nilitubu mbele ya usharika na mbele ya bibi. Tulimlipa migomba yake, tukaacha kuchimba, tukapanda matete ukingoni. Yeye alinisamehe Jumapili ileile. Kijito bado. Shimo halijajaa, na ukingo hubomoka kidogo kila mwaka.

Msamaha nimepewa bure, kwa neema. Lakini neema hiyo hainiondolei kazi ya kungoja na kulinda. Kila masika tunapaka mawe mengine, na kila mwaka kijana mpya wa Kipaimara huniuliza mawe haya maana yake nini. Nami humsimulia yote, kuanzia tipa la kwanza.