Babu wa Forodha

Waswahili husema muungwana ni kitendo. Babu yangu aliingia kazi ya forodha mwaka 1974, wakati idara ilikuwa moja ya Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ikavunjika 1977, yeye akabaki. KRA ilipoanzishwa Julai 1995 akahamia huko, akapanda cheo mpaka akastaafu akiwa mkubwa pale Times Tower.

Leo anaishi Kangemi, nyumba ya mabati. Majirani humcheka: "Mkubwa wa forodha bila hata gari!" Nami niliona aibu.

Juzi tulipita chini ya jengo lile. Nikamwuliza, "Babu, kwani hukuwa ukipewa kitu?"

"Nilipewa sana, mjukuu wangu. Sikupokea."

Wenzangu, sasa nikiulizwa mimi ni mjukuu wa nani, najibu kwa sauti.