Tuiuze Nyumba Sasa, au Tungoje Barua?

Kuna neno moja ambalo mke wa mwalimu hulisikia mara nyingi kuliko mke wa mkulima, nalo ni hili: "Mtahamishwa." Hulisikia kisimani, hulisikia nje ya kanisa baada ya Misa ya Jumapili, na siku hizi hulisikia hata katika simu. Mwalimu, muuguzi wa zahanati, bwana shamba, askari, wote hukaa pale walipowekwa na mwajiri. Mkulima hujenga nyumba akitumaini kuzeeka ndani yake. Sisi hujenga tukijua kwamba yamkini watu wengine ndio watakaozeeka humo.

Nataka kuwapa wasomaji wenzangu maneno machache juu ya jambo hili, kwa kuwa limetukuta mwaka huu, mimi na mume wangu, na najua kwamba jamaa nyingi zina mtoto au ndugu anayefanya kazi ya mshahara mbali na kwao.

Tumekaa katika kijiji chetu, mkoa wa Tabora, kwa miaka 11. Nyumba yetu tuliijenga polepole. Mwaka mmoja tulichoma matofali, mwaka wa pili tukanunua mabati, mwaka wa tatu tukatia sakafu ya saruji. Ina vyumba vitatu na jiko la nje, na nyuma yake tuna shamba dogo la mahindi na karanga. Mwezi wa Februari habari ilienea kwamba walimu wengi wa wilaya yetu watapelekwa kwingine. Juma lile lile akatujia mtu mwenye fedha mkononi, akataka kuinunua nyumba. Bei aliyoitaja haikufikia hata gharama ya mabati na saruji. Akasema, "Afadhali mniuzie sasa. Barua ikifika, mtaniuzia kwa nusu ya hii."

Maneno hayo yalitukosesha usingizi, maana hayakuwa uongo mtupu. Ni kweli kwamba mtu aliyekwisha kufunga mizigo hana nguvu ya kupatana bei. Mume wangu akasema, "Mama, dalili ya mvua ni mawingu." Nami nikamjibu, "Baba, usiache mbachao kwa msala upitao." Kila mmoja alikuwa na methali yake, na zote mbili ni za wazee wenye hekima. Basi tukaona kwamba methali peke yake haitatupa shauri. Tukaketi jioni tatu baada ya sala ya usiku, tukaliangalia jambo lenyewe kipande kwa kipande.

Kwanza tulitenga habari na barua. Habari ya uhamisho yaweza kukaa miaka mingi bila kuzaa kitu. Kumbukeni habari ya Dodoma. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie huko. Watumishi wa Dar es Salaam wakaambiwa kwamba watahama. Miaka ikapita, na wengi walioanza kazi wakati ule wakastaafu wakiwa bado Dar es Salaam. Ndipo mwaka 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba sasa serikali yahama kweli, na mwaka ule ule Waziri Mkuu akahamia Dodoma. Miaka 43 ya kungoja, kisha mambo yakaenda upesi. Hapo nilijifunza mambo mawili. Aliyeuza nyumba kwa kusikia habari tu, angaliweza kupanga nyumba za watu maisha yake yote. Na asiyejiweka tayari kabisa, angaliweza kushikwa ghafula siku neno lilipotimia.

Nikamkumbuka pia Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa jamaa zetu. Hakuikimbia Bethlehemu kwa maneno ya sokoni. Alingoja neno la hakika, na malaika alipomwambia, aliondoka usiku ule ule pamoja na Mtoto na Mama yake kwenda Misri. Kungoja kwake hakukuwa uvivu, na kuondoka kwake hakukuwa pupa.

Pili tuliyaangalia majira. Kwetu fedha ya wakulima hutoka katika tumbaku. Masoko ya tumbaku yakiisha kiangazi, watu huwa na fedha, nao hutafuta bati, ng'ombe na nyumba. Lakini kuanzia Novemba hadi Machi, wakati wa mvua na palizi, fedha imekwisha na chakula ni haba. Anayeuza nyumba wakati huo humwuzia yule mmoja tu mwenye akiba, naye hutaja bei apendayo. Mtu wetu alikuja Februari. Hakuja Februari bure. Kwa hiyo tuliona kwamba hata kama twauza, hatuuzi mwezi ule.

Tatu tuliuliza nyumba ni ya nani. Mshahara ni wa mume wangu, lakini maji ya kufyatulia matofali niliyachota mimi, na mama mkwe, ambaye hakai tena na mtu mwingine, analala katika chumba cha pili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa, au kuiweka rehani, pasipo ridhaa ya mwenzake. Wako wanaume wanaodhani sheria hiyo ni ya kuwatia wanawake kiburi. Mume wangu hakudhani hivyo. Aliniuliza, akamwuliza na mama yake. Mama akasema neno moja tu: "Nitakwenda mtakakokwenda, lakini msiniweke barabarani." Neno hilo lilitupa kipimo. Yeyote atakayeuza nyumba kabla ya kujua atalala wapi, awaweka wazee na watoto wake barabarani. Tena binti yetu mkubwa yu katika darasa la mtihani. Kama barua ingefika katikati ya mwaka, ingefaa baba atangulie peke yake, nasi tumfuate mtihani ukiisha.

Nne tuliangalia karatasi. Ardhi ya kijiji haiuzwi kama mbuzi mnadani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mwenye kuhamisha haki yake kwa mtu mwingine ahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Mtu wetu alitaka tuandikiane usiku, mbele ya shahidi mmoja wa kwake. Katika Maandiko Matakatifu, nabii Yeremia aliponunua shamba huko Anathothi, alipima fedha mbele ya mashahidi, akaandika hati, akaitia muhuri, akaagiza itiwe katika chombo cha udongo ipate kudumu. Ikiwa nabii alifanya hivyo wakati mji umezingirwa na adui, sisi tuliokaa kwa amani tuna haraka gani? Tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, tukaomba kupimiwa mipaka na kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Nyumba yenye hati huuzwa kwa bei nzuri zaidi, na hata isipouzwa watoto hawatagombania mpaka.

Tano tuliuliza kama kuuza ni lazima. Anayehamishwa na mwajiri ana haki ya kulipwa gharama za kuhama. Anayeomba mwenyewe ndiye hujigharimia. Maana yake, barua ikija, hatutahitaji kuuza nyumba ili tupate nauli. Twaweza kumpangisha mwalimu atakayekuja badala yetu. Lakini nyumba tupu isiachwe hata kidogo. Nyumba isiyofagiwa, mchwa huila milango kabla mwaka haujaisha, na popo wakaingia darini. Aliye mbali asiyepata mpangaji mwaminifu, afadhali auze.

Basi tulikata shauri hivi. Hatuuzi kwa habari. Tunatengeneza hati na kuziba paa linalovuja. Tumekubaliana bei ambayo chini yake hatushuki, tukaiandika, ili siku ya haraka mmoja wetu asije akalegea. Barua ikifika kiangazi, tutauza kwa bei hiyo au zaidi. Ikifika wakati wa mvua, tutapangisha mpaka masoko ya tumbaku, ndipo tuuze.

Shauri hilo halikuwa bila gharama. Fedha ya yule mtu, ingawa kidogo, ingalimlipia mdogo wangu karo ya chuo mwaka huu, naye amelazimika kungoja. Alilia, nami nikalia naye. Mtu mwenyewe alipopewa jibu hakukasirika. Alikwenda kijiji cha pili akanunua kwingine, naye hutusalimia vema akipita. Kununua rahisi si dhambi, wala kukataa kuuza rahisi si ubaya.

Wenzangu akina mama, na ninyi akina baba mnaosoma gazeti hili baada ya chakula, nawaomba msingoje kushikwa. Habari ya kuhama isipokuja kwenu, itakuja kwa mtoto wenu. Zungumzeni sasa, wakati hakuna mtu anayegonga mlango na fedha mkononi. Wekeni hati mahali pakavu, na kila mmoja wa nyumbani apajue mahali hapo. Juu ya neno la mwisho, yaani siku gani na wapi, mwombeni Mungu pamoja.

Ninapoandika haya, mahindi yamekwisha kuvunwa na barua haijafika. Watu wangali wakisema. Sisi tumepanda migomba miwili nyuma ya jiko. Tukihama, atakayekuja atakula ndizi.