Karatasi ya garanti na kisanduku cha kamio



Leo nataka kuwaelezea jambo lililotokea ndani ya nyumba yetu hapa Likasi. Si jambo la ajabu, ni habari ya karatasi moja tu. Lakini karatasi ile ilitaka kula franga za masomo za mtoto wetu. Labda kesho ao kesho kutwa watakuwekea na wewe karatasi kama ile mbele yako, na kalamu juu yake. Sikiliza basi.

Mwaka 2021 kontra yangu iliisha katika kampuni moja ya migodi. Nilikuwa nimefanya miaka 14 kama karani wa pointaji: kila siku nilihesabu saa za kazi za watu. Wakanipa dekonti finali. Sisi wote wa inchi ya migodi tunajua dekonti ni kitu gani. Ni franga ya kushika mara moja tu. Baba zetu waliotoka Gécamines mwaka 2003 na 2004, katika ile mipango ya kuondoka kwa hiari, walikuwa zaidi ya 10,000. Wengi wao walituonyesha kwa machozi yao kwamba franga ya namna hiyo ikipotea hairudi.

Mimi na bibi yangu tukapatana kununua kamio mpya ya tani 10, ya kubeba saruji na unga katikati ya Lubumbashi na Kolwezi. Tuliunganisha dekonti yangu na akiba yake ya miaka mingi ya sokoni. Kisha kulipa kamio, tulibakia na dola 2,500 hivi. Hizo zilikuwa na jina lao: mwaka wa kwanza wa mtoto wetu mkubwa, binti, kwenye universite kule Lubumbashi.

Kwa nini kamio mpya? Kwa sababu ya yaya yangu. Mwaka 2011 alinunua kamio iliyokwisha kutembea sana. Moteri ilikufa kisha miezi 4, na yeye akabakia na madeni. Woga ule uliingia ndani yangu na haukutoka.

"Patroni, utalala usingizi"

Siku ya kuchukua kamio, muuzaji aliniketisha ndani ya biro yenye baridi nzuri. Akasema: "Patroni, kamio yako iko na garanti ya mwaka 1 ao kilometa 50,000. Ukiongeza dola 2,400, tunakufikisha mpaka miaka 3 ao kilometa 100,000. Utalala usingizi."

Ndugu msomaji, nitakuambia kweli. Nilijibu ndiyo. Nilijibu kwa sababu ya kamio ya yaya. Lakini nilijibu pia kwa sababu aliniita patroni. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyeniita vile, na niliona haya kusema mbele yake: "Ngoja nikaulize bibi yangu kwanza." Akanipa karatasi, akasema nilete franga siku ya posho.

Nilifika nyumbani magaribi. Bibi yangu alikuwa anachekecha unga. Nikamwelezea.

"Papa, ile karatasi inasema nini?"

"Inasema miaka mitatu."

"Nauliza karatasi inasema nini. Siulizi muuzaji alisema nini."

Sikuwa nimeisoma. Ilikuwa na kurasa 4, kwa Kifaransa, herufi ndogo kama sisimizi. Kura ya umeme ilikuwa imekatika, basi tukaita binti yetu aje atusomee kwa mwangaza wa taa. Alisoma vizuri mpaka mahali pa bei. Hapo akanyamaza kidogo. Alikuwa anajua hesabu ya franga iliyobaki, kwani mama yake hamfichi kitu. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Papa, kama iko kwa kulinda kamio, muchukue tu. Mie nitangojea mwaka mwingine."

Wasomaji, neno lile lilinipiga kuliko kama angelia. Bibi yangu hakusema kitu. Alileta kaye na biki, akaviweka mbele yangu. "Wewe njo karani," akasema. "Hesabu."

Hesabu ya usiku ule

Kwenda na kurudi, Lubumbashi na Kolwezi, ni kama kilometa 600. Tulitaka kufanya safari 3 kila juma: kilometa 1,800. Kwa juma 4 ni kilometa 7,200. Basi kilometa 50,000 za garanti ya kwanza zitaisha kisha miezi 7, wala si mwaka. Na kilometa 100,000 zitaisha kisha miezi 14. Miaka 3 iko wapi? Neno "ao" njo lilikuwa limeimeza. Mwaka ao kilometa: kile kinachotangulia kufika njo kinafunga mlango.

Kumbe dola 2,400 hazikuwa zinaninunulia miaka 2 zaidi. Zilikuwa zinaninunulia miezi 7. Gawanya: ni dola 343 kila mwezi. Mimi niliyehesabu saa za watu miaka 14, sikuhesabu kilometa zangu mwenyewe!

Kesho yake tulipeleka karatasi kwa jirani yetu, fundi wa moteri, muzee mwenye kuheshimiwa katika kartie yetu. Alitupangia mambo kwa vidole vyake.

Kwanza: garanti inatengeneza kasoro ya kiwanda tu. Freni, ambreyaji, mipira, filtri, betri, taa, vitu vyote vinavyoisha kwa kutumika, havimo.

Pili: vidanje zote zifanyike kwenye garaje yao kule Lubumbashi, kila kilometa 10,000, na tamponi ipigwe ndani ya karne. Ukikosa moja, garanti inaweza kuanguka.

Tatu: kamio ikilala Fungurume, ni wewe unailipia kuvutwa mpaka Lubumbashi. Na siku zote inazongojea piesi, hakuna mtu wa kukulipa safari ulizopoteza.

Ine: mazutu mbaya, na mzigo kupita kipimo, vinaua garanti.

Halafu muzee akaniangalia machoni. "Mutapakia tani ngapi?" Nikasema 10. Akacheka. "Kila mutu anasema 10. Kisha kwenye depo wanakupa franga ya tani 13, na wewe unafunga macho. Siku ile garanti inakufa, hata kama umeilipa. Na maresori nayo inakufa."

Bibi yangu akauliza: "Kwa hiyo, Baba, tusilipe?" Muzee akajibu kwamba yeye si wa kutujibia. Akasema tu: "Mutu ananunua garanti kama anaweza kushika masharti yake. Na mutu anayeshika masharti yote vile, kamio yake haivunjikivunjiki sana."

Jambo lingine ambalo wengi wetu hatujui

Ndugu msomaji, usichanganye garanti na asiransi. Asiransi ni ya ajali, na sheria inakulazimisha kuwa nayo barabarani. Zamani SONAS peke yake njo iliiuza. Sheria ya mwaka 2015 ikafungulia kampuni zingine mlango. Garanti ya kuongeza, hakuna anayekulazimisha.

Tena, hata bila karatasi yoyote ya kuongeza, muuzaji hana ruhusa ya kukuuzia kitu chenye ugonjwa uliofichwa na kunawa mikono. Sheria yetu ya mapatano ya tarehe 30 Julai 1888, inayoitwa Kitabu cha Tatu cha Code civil, inasema muuzaji anajibia kasoro iliyofichika inayofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Lakini inataka mnunuzi alalamike bila kukawia. Na tangu 2012 inchi yetu iko ndani ya OHADA, yenye sheria zake juu ya mauzo kati ya wafanyabiashara. Basi chunga faktire yako kama unavyochunga karte ya ubatizo ya mtoto wako. Kama kamio inaonyesha kasoro, andika barua mara moja na ubakie na kopi.

Namna tulivyokata shauri

Siku ya posho tulienda kwa muuzaji sisi wawili. Bibi yangu alivaa kitenge chake cha sikukuu. Alimsalimia muuzaji kwa heshima, akamuuliza maneno 3. Nani anayelipa kasoro ikionekana: kiwanda ao nyumba yenu? Piesi ziko hapa ao zinatoka ngambo? Na kama hatutaki leo, tunaweza kurudi kabla garanti ya kwanza haijaisha?

Kwa neno la kwanza, kijana yule alikwenda kuuliza mkubwa wake, akarudi na kusema ni nyumba yao. Maana yake, nyumba ikifunga mlango, garanti inafunga pamoja nayo. Kwa neno la pili alisema ndogo ziko hapa, kubwa zinangojewa. Kwa neno la tatu alisema ndiyo, inawezekana. Sikuona uongo ndani yake. Alikuwa anafanya kazi yake. Sisi njo tulikuwa bado kufanya yetu.

Hatukununua. Lakini, vijana munisikilize vizuri, hatukurudi nyumbani kula zile franga. Tulipatana mambo 3. Moja: kila safari, dola 30 zinaingia ndani ya kisanduku cha kamio, kabla ya mtu yeyote kula. Safari 12 kwa mwezi ni dola 360, yaani kupita zile 343 za garanti. Kisanduku hicho tulikiweka kwenye koperative ya akiba, na bila sinyatire yetu sisi wawili hakifunguki. Mbili: vidanje zote za garanti ya kwanza kwa wakati wake, na tamponi. Tatu: tani 10, si zaidi. Shofere wetu, mtoto wa dada yangu, alinung'unika sana, na wateja wengine walituacha. Ilituuma, lakini tulivumilia.

Na binti yetu akaanza masomo mwezi wa 10.

Iliisha namna gani?

Kwenye kilometa 60,000, enjekteri ziliharibika. Tulilipa dola 900. Shofere aliungama kwamba siku moja alinunua mazutu ya bidoni kando ya barabara. Garanti ya kuongeza isingelipa ile, kwani kosa lilikuwa letu. Kisanduku kilikuwa na 3,000. Kikabaki na 2,100.

Kwenye kilometa 90,000, boiti ya vitesi ilianza kulia. Dola 1,650. Hii, wasomaji, nafikiri garanti ingeitengeneza, na siku ile sikula chakula cha magaribi. Nilimwambia bibi yangu: "Unaona? Tulikosea." Akaleta tena ile kaye. Kisanduku kilikuwa na 3,600. Kisha kulipa, kikabaki na 1,950. "Tungetoa 2,400 kwa kuponyesha 1,650," akasema. "Na mutoto angekuwa hapa nyumbani."

Lakini sitaki kujisifu mbele yenu. Kama moteri yote ingelikufa kwenye kilometa 55,000, kisanduku kisingelitosha, na leo ningekuwa ninawaandikia habari nyingine. Tulichukua hatari. Tofauti ni kwamba tuliijua, tuliipima, na tulikuwa wawili.

Tena, shauri letu si shauri la kila mtu. Shemeji yangu kule Kolwezi alinunua kamio ya kubeba mchanga ndani ya mji. Yeye hafikishi hata kilometa 2,000 kwa mwezi, na anajijua: franga ikikaa karibu naye, inayeyuka. Kwake miaka 3 ni miaka 3 kweli. Tulifanya hesabu pamoja naye, akaongeza garanti, nami nikamwambia amefanya vizuri.

Basi, ndugu msomaji, siku watakapokuita patroni, furahi kidogo, kisha uombe karatasi uende nayo nyumbani. Hesabu kilometa zako, wala si miaka yao. Soma mahali panaposema kile ambacho hawalipi; mara nyingi ni parefu kupita mahali pa kile wanacholipa. Uliza ni nani anayesimama nyuma ya karatasi na garaje yake iko wapi. Na usifanye kama mimi, usijibu ndiyo kabla ya kuongea na yule aliyetafuta ile franga pamoja na wewe.

Kamio ingali inatembea. Binti yetu yuko sasa karibu kumaliza masomo. Na ile kaye bado iko juu ya kabati, pamoja na biki yake.