Ubao Uliomshinda Mama Mdogo

Tangu nirudi kutoka Marekani mwezi wa Agosti mwaka wa 2024 nimeulizwa maswali mengi bwenini, mengine ya kuchekesha, kama vile eti huko niliona theluji. Theluji mwezi wa Agosti! Jambo ambalo hakuna aliyeniuliza ndilo nitakalolisimulia hapa, nalo ni habari ya ubao mmoja wa kuchezea majini na uongo niliousema dukani siku tulipokwenda kuununua.

Baba Mdogo anaishi na familia yake katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota, na Wakenya jimboni humo si haba. Mama Mdogo ni muuguzi wa zamu za usiku. Watoto wao ni wawili: kijana wa rika langu ambaye nyumbani huitwa Bingwa, kwa sababu kila jambo yeye ni bingwa, na kitinda mimba wa miaka minane tunayemwita Kadogo. Jimbo hilo husifika kwa maziwa zaidi ya 10,000, na ikifika wakati wa joto kila mtu huko, mkubwa kwa mdogo, hukimbilia majini kama bata.

Kila mtu isipokuwa Mama Mdogo. Yeye alilelewa milimani Kisii, mahali ambapo maji ni ya kuteka mtoni na kubeba kichwani, si ya kuchezea. Kwa miaka mingi kazi yake ufuoni ilikuwa moja: kukaa kwenye mkeka na kuvishika viatu na simu za wenzake. Basi majira ya baridi yaliyotangulia safari yangu, alijiandikisha kufundishwa kuogelea katika kidimbwi cha maji moto. Hebu fikiria, mtu ametoka zamu ya usiku, macho mazito, barafu barabarani, naye anapitia kuogelea kabla ya kwenda kulala! Alipofuzu alimwambia Baba Mdogo, "Mwaka huu viatu vyenu mtajishikia wenyewe." Baba Mdogo akaweka kando dola 450 za kununulia ubao wa familia nzima.

Mchezo wenyewe nitaueleza kwa ufupi, maana hapa kwetu si wengi wanaoujua. Huitwa weksafu. Mashua hutiwa maji katika matangi yaliyo ndani yake, makusudi, ili izame kidogo nyuma na upande mmoja, halafu iburure wimbi nene. Mchezaji huvutwa kwa kamba fupi ya mita tano au sita. Miguu haifungwi ubaoni. Akishasimama na kuingia tumboni mwa wimbi, huiachia kamba, na wimbi lenyewe likawa linamsukuma! Mwendo ni kilomita 16 hadi 18 hivi kwa saa. Black Mamba la posta mteremkoni lingewapita wote. Kwa kuwa mchezaji huwa karibu sana na tezi, mashua inayofaa ni ile ambayo rafadha yake imefichwa chini ya tumbo lake, wala si ile yenye injini iliyoning'inizwa nyuma. Jirani yao mmoja, mzee wa Kizungu aliyestaafu, alikuwa na mashua ya namna hiyo, na alikubali kuwa nahodha wetu. Kilichobaki kilikuwa ubao.

Hapo ndipo mimi na Bingwa tulipoharibu.

Tulikuwa tumekesha siku tatu tukitazama video za vijana wanaozunguka juu ya wimbi kama pia. Mbao zao ni fupi na nyembamba, na mapezi yake chini ni madogo kama kucha, ndiyo maana hugeuka kwa wepesi. Dukani zilikuwa zimepangwa ukutani, na mmoja ulituita kwa jina: mweusi, urefu wake sentimita 130 hivi, umechorwa ndimi za moto. Baba Mdogo alikuwa nje akizungumza kwa simu. Muuzaji, kijana mpole mwenye ndevu nyekundu, alituuliza maswali mawili tu. Nani mzito zaidi kati ya watakaoutumia? Na je, kuna yeyote anayeogopa maji?

Bingwa alinitazama. Mimi, mgeni, mtu wa kufika juzi, ndiye niliyejibu, "Ni sisi wawili tu."

Muuzaji hakuridhika sana. Alishusha ubao mwingine, wa manjano, mpana na mnene, sentimita 162, juu una sponji laini na chini mapezi matatu makubwa. Akasema ule ndio watu wengi hujifunzia. Bingwa akacheka akasema unafanana na mlango wa kabati. Nami nikacheka. Baba Mdogo aliporudi akatuamini, akalipa. Mgongoni mwa ule mweusi kulikuwa na kibandiko kilichosema usizidishe pauni 150, yaani kilo 68. Nilikibandua mimi mwenyewe, kwa ukucha, tukiwa garini.

Uzito wa Mama Mdogo sitautaja, maana gazeti hili laweza kumfikia. Yatosha kusema kwamba kilo 68 alizipita zamani.

Jumamosi tulifika Lake City, kando ya ziwa Pepin. Ziwa hilo kwa hakika ni mto Mississippi uliotanuka. Maji yake ni ya kahawia kama chai ya mkandaa, na matishari ya mizigo hupita humo polepole. Yule mzee jirani alitusimulia kwamba mji huo hujiita mahali ulipozaliwa mchezo wa kuteleza majini. Mwaka wa 1922 kijana mmoja wa hapo, Ralph Samuelson, alitaka kuvutwa juu ya maji kwa mashua huku nduguye Ben akiendesha. Kwanza alijaribu mbao za pipa, akazama. Akajaribu mbao za kutelezea thelujini, akazama. Mwisho alinunua mbao ndefu za futi nane, pana inchi tisa, akazichemsha ncha zikalainika, akazipinda zielekee juu. Tarehe 2 Julai akasimama, kesho yake akatimiza miaka 19. Nilisikiliza hadithi hiyo huku ubao wetu wa inchi hamsini na moja uko mapajani mwangu, nikajifanya natazama ndege.

Kabla ya kuanza, Mama Mdogo alituhutubia kiuuguzi: kila mtu avae jaketi la kuokolea, na asikae mtu kwenye tezi injini ikinguruma, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu. Baba Mdogo, ambaye goti lake bovu halimruhusu kucheza, alikaa akitazama nyuma. Sheria ya jimbo hilo inataka awepo mtazamaji mbali na nahodha, au kioo kipana cha kutazamia nyuma.

Bingwa alianguka mara saba, mara ya nane akasimama. Mimi niliambulia kupigwa mdomo na ukingo wa ubao, nikatema damu. Kisha zamu ya Mama Mdogo ikafika.

Namna ya kuanza ni hii: unalala chali majini, visigino juu ya ubao, mikono imenyooka, mashua inakuvuta taratibu mpaka ubao unasimama na kukubandika nyayoni, nawe unainuka. Alifanya kila alichofundishwa, kuliko hata sisi. Lakini ubao mdogo hauna kifua cha kumbeba mtu mzito kwa mwendo ule mdogo. Kila alipoinuka ulizama mkia, ukachota maji, wimbi likamwacha. Mara ya pili, ya tatu, ya tano. Mzee alipoongeza kasi ili amsaidie, pua ya ubao ilichimba na Mama Mdogo akaruka kichwa mbele mithili ya mtu aliyetupwa na punda. Kila mara aliibuka akikohoa na kuinua kidole: tena! Kadogo alikuwa akipiga makofi. Mimi na Bingwa tulikuwa kimya kama maji mtungini.

Mara ya tisa hakuinua kidole. Alipanda ngazi, akajifunga taulo, akasema kwa sauti ndogo, "Mwili huu si wa michezo hii. Nimejidanganya." Baba Mdogo akamwambia si hoja, kila mtu na kipaji chake. Maneno hayo yalinikata maini kuliko angenipiga kofi. Tulipofika ufuoni alikwenda moja kwa moja mkekani, akaanza kupanga viatu vyetu.

Usiku sikulala. Alfajiri nilimkuta jikoni, ametia nguo zake za kuogelea na miwani ya majini katika mfuko wa vitu vya kupeleka kanisani kugawiwa maskini. Nikapiga moyo konde. Nilikuwa nimekihifadhi kile kibandiko katika pasipoti yangu, sijui kwa nini. Nikakiweka mezani mbele yake. Nikamweleza swali la muuzaji, na jibu langu, na habari ya mlango wa kabati.

Alikisoma mara mbili. Nilitarajia matusi, au kicheko, nikakosa vyote. Aliniuliza, "Ulipokuwa ukiniona nikizama mara tisa, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza kwa muda mrefu hata chai ikachemka ikafurika. Kisha akasema, "Basi si mimi." Akairudia kauli hiyo, si kwangu, kwa nafsi yake: "Kumbe si mimi." Akazitoa nguo mfukoni.

Msinielewe kwamba yaliishia hapo. Bingwa alitolewa kitandani akaulizwa lake. Baba Mdogo hakusema nami siku mbili, na alikuwa na haki. Ubao uliokwisha kulowa haungerudishwa dukani, kwa hiyo tuliuuza kwa kijana mmoja mwembamba kwa dola 300. Mimi nilitoa dola 60 zangu, zilizokuwa za kununulia raba nyeupe mlizozisubiri nyinyi mzione (sasa mnajua zilikokwenda). Bingwa akatoa zake. Na aliyekwenda nasi kwa yule muuzaji mwenye ndevu nyekundu, akasimama kaunta akataja uzito wake kwa sauti kamili, bila kupepesa, ni Mama Mdogo.

Wa manjano ulikuwa bado ukutani. Muuzaji alieleza kwamba kwa familia ya wanaoanza, ubao hupimwa kwa mzito zaidi, kwa maana mwepesi hatazamishwa na ubao mkubwa, bali mzito huzamishwa na mdogo. Nilicheka peke yangu. Kwani mama zetu walitununulia vipi sweta za kidato cha kwanza? Mikono imefunika vidole, na hakuna aliyekufa. Ubao mkubwa una kasoro yake, nakiri: huchelewa kugeuka, na Bingwa hawezi kuzunguka nao kama pia. Lakini Bingwa naye alikuwa bado hajui kwenda moja kwa moja, kuzunguka kwa nini? Na ile sponji ya juu, mdomo wangu ungeishukuru mapema.

Jumamosi iliyofuata Kadogo ndiye aliyeufungua. Alilala kifudifudi juu yake, mashua ikaenda polepole sana, naye akapiga mayowe ya furaha mpaka watu wa mashua nyingine wakageuka. Mapezi yale matatu yaliunyoosha kama reli. Mimi nilisimama mara ya pili. Nikaona wimbi liko pale kando ya goti langu, kijani na kahawia, linakuja lakini halifiki. Muuzaji alisema hapo ndipo mtu huachia kamba. Sikuachia.

Mama Mdogo alianguka mara tatu. Mara ya nne ubao uliinuka, ukambeba, ukakaa. Alisimama amepinda magoti, amekaza meno, macho yametoka, jaketi limempanda hadi masikioni. Kadogo alihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu... alifika kumi na moja. Baba Mdogo, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama, alikuwa amefunika uso kwa kofia analia. Mama Mdogo alipoanguka aliibuka akitema maji, akainua kidole: tena!

Nilisafiri kurudi shuleni siku chache baadaye. Mwezi wa Julai mwaka wa 2025 aliniletea picha kwa simu ya baba. Yuko juu ya ule mlango wa kabati, mikono yote miwili iko hewani, kamba haionekani popote. Chini aliandika kwamba ule ulikuwa mwendo wa sekunde ishirini, na kwamba viatu alimwachia Baba Mdogo.

Mimi bado sijawahi kuiachia kamba.