Ua la Usambara, Kwao na Ugenini

Msafiri aendaye Amani, katika Mkoa wa Tanga nchini Tanzania, huiacha barabara kuu ya lami pale Muheza na kuingia njia ya udongo mwekundu ipitayo kati ya michungwa na minazi. Joto la Muheza bado ni joto la pwani. Mbele kuna Zigi, penye mto na lango la hifadhi ya msitu, na hapo ndipo mlima unapoanza kwa kweli. Njia hujikunja, hewa hupoa kila kona, na abiria waliokuwa wakijipepea kwa magazeti huanza kutafuta masweta. Amani yenyewe iko kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ya mwaka hukaribia milimita 2,000, na hata siku zisizo za mvua ukungu hushuka alfajiri ukalowesha kila kitu.

Wajerumani walianzisha hapo kituo cha uchunguzi wa kilimo na mimea mwaka 1902. Lakini msafiri asiyejali majengo ya zamani, heri ashuke garini na kufuata vijito. Katika mabonde yenye kivuli kizito, juu ya majabali yaliyovikwa zulia la kijani, ataona mmea mfupi wenye majani mviringo, manene, yenye vinyweleo laini. Maua yake ni ya rangi ya zambarau, na katikati ya kila ua mna vifuko viwili vya manjano. Ndilo ua lile lile lililojaa madirishani Ulaya na Marekani. Si ajabu mtu wa Kampala anayelinunua kando ya barabara kudhani kuwa ni ua la Kizungu.

Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta mahali pawili: katika nyufa za mawe ya chokaa karibu na mji wa Tanga, na huko juu milimani. Akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani za Herrenhausen, akalipa jina la Saintpaulia. Wasambaa, ambao milima hiyo ni kwao, hawakukumbukwa katika jina hilo. Afadhali watu wa kawaida wa Ujerumani, ambao mpaka leo hulitaja kwa jina la Usambara. Mwaka 1927 wafanyabiashara wa Los Angeles walitoa sokoni aina kumi walizochagua katika miche iliyooteshwa kwa mbegu za kutoka Ulaya, na tangu hapo zimezalishwa aina maelfu: nyeupe, waridi, zenye pindo, zenye maua yaliyorundikana.

Yafaa jabali lile litazamwe kwa makini, kwa maana karibu kila tatizo la ua hili nyumbani hutokana na mwenye nyumba kutojua linakokaa.

Juu ya jabali hakuna udongo wa kulima. Kuna tabaka nyembamba ya majani yaliyooza, na mizizi imejishika humo na katika nyufa. Mvua ikinyesha, maji hupita na kwenda zake; unyevu hubaki, lakini maji hayatuami. Sasa mtu alipandapo ua hili katika kopo lililoshindiliwa mfinyanzi, tena akalimwagilia asubuhi na jioni kama mchicha, huwa analizamisha. Mizizi hukosa hewa na kuoza, na mizizi iliyooza haiwezi kunywa. Ndipo majani hulegea kana kwamba yana kiu, na mwenye nyumba kwa huruma yake huongeza maji. Maua mengi zaidi yameuawa kwa huruma ya namna hiyo kuliko kwa ukame.

Kupambanua si kazi ngumu. Kidole kikitiwa udongoni kikatoka na tope, na huku majani yamelegea, shida si kiu. Mmea ung'olewe taratibu, mizizi iliyo myeusi na laini ikatwe kwa wembe safi, kisha upandwe upya katika mchanganyiko mwepesi wa majani yaliyooza vizuri, mchanga wa mto uliooshwa na vipande vidogo vya mkaa. Kopo lolote lafaa, mradi litobolewe kwa msumari matundu matano au sita chini. Wala lisiwe kubwa. Chungu kikubwa hushika maji mengi kuliko mizizi iwezavyo kuyanywa. Upana wa kopo ukiwa theluthi moja ya upana wa mmea, watosha. Baada ya hapo maji yatiwe pale tu udongo wa juu unapokauka. Ikiwa moyo wa mmea, pale majani machanga yachipuapo, umekwisha kuwa laini na wa kahawia, hakuna dawa; kinachobaki ni kuokoa jani moja zima, kama itakavyoelezwa.

Kuna alama nyingine ambayo huwatia watu hofu bure: mistari na duara nyeupe au za manjano juu ya majani, zisizofutika. Si ugonjwa, wala haziambukizi. Msituni matone ya mvua hupita kwanza katika matawi ya miti mirefu, na yafikapo chini ubaridi wake hauzidi ule wa jani lenyewe. Nyumbani, maji baridi ya bomba humwagwa juu ya jani lililopashwa joto na dirisha, nalo huungua kwa ubaridi. Basi maji yalale chumbani usiku mmoja kabla ya kutumiwa, na yatiwe katika kisahani chini ya kopo. Baada ya nusu saa, yaliyosalia yamwagwe.

Na ua lisilotoa maua? Majani yake yakiwa na vikonyo virefu, yamejiinua kama mtu achunguliaye juu ya ukuta, ni kwamba lina giza. Kivuli cha Amani si giza la kabati. Mwanga humiminika kutoka kila upande, ila umechujwa. Majani yakiwa ya manjano, yamejibana, tena pindo zake zimeungua, jua limezidi. Dirisha la mashariki, lipatalo jua la asubuhi tu, ndilo bora katika nchi zetu zilizo karibu na mstari wa Ikweta. Mbali na moshi wa jiko la mkaa, ambao huangusha vichipukizi vya maua kabla havijafunguka.

Mtu wa Kampala au Entebbe ana bahati, kwa kuwa hali ya hewa yake haiko mbali sana na ile ya Amani. Aliye Gulu au Moroto katika upepo mkavu wa Januari ana kazi zaidi: aweke kopo juu ya sinia ya kokoto zenye maji, chini ya kopo pasiguse maji, ili unyevu uyazunguke majani.

Wadudu weupe mithili ya pamba, jamaa ya wale washambuliao mihogo, hujificha penye vikonyo. Wagutwe mmoja mmoja kwa pamba iliyochovywa katika spiriti, na sisimizi wafukuzwe, maana ndio wanaowalinda wadudu hao kwa ajili ya utamu wautoao. Lakini majani ya katikati yakijikunyata, yakawa magumu na ya kijivu, huyo ni utitiri asiyeonekana kwa macho. Mmea huo uchomwe siku hiyo hiyo kabla haujawaambukiza wenzake.

Huko kwao ua hili lina adui wa namna nyingine. Mti mkubwa ukikatwa, jua hulipiga jabali, lile zulia la kijani hukauka, na mmea hufa mahali ulipokaa vizazi na vizazi. Spishi kadhaa za jamii yake, ambazo kwa asili zapatikana Tanzania na Kenya tu, huishi katika eneo dogo mno, nyingine katika vilima vichache tu. Tena msitu wa Amani umevamiwa na mti ambao Waganda wanaujua sana, yaani musizi. Kwao Uganda ni mti wa mbao na wa kivuli cha kahawa, mti wa heshima. Ulipopandwa Usambara, hondohondo walikula matunda yake na kusambaza mbegu kila pembe, na leo umejaa penye kila pengo ambalo miti ya asili ingeota. Tangu mwaka 1997 sehemu kubwa ya msitu huo ni hifadhi, na mgeni haruhusiwi kung'oa kitu. Anayeng'oa ua jabalini na kulitia mfukoni hupata mzoga tu, kwani mizizi iliyoshika ufa haikubali kuachana nao salama.

Wala hana haja. Jani moja zima kutoka kwa jirani hutosha. Likatwe pamoja na kikonyo chake, urefu wa kidole gumba hivi, lisimikwe kwa mshazari katika mchanga wenye unyevu na kufunikwa kwa mfuko wa nailoni. Familia ya askari ipatayo uhamisho wa ghafla haina sababu ya kubeba makopo katika lori, maana majani matatu yaliyofungwa katika kitambaa kibichi husafiri salama siku mbili. Baada ya wiki nne hivi mizizi huota, na kwa kawaida mnamo mwezi wa pili au wa tatu vimche vidogo hujitokeza penye kikonyo. Vitengwe vikiwa na majani manne, kila kimoja katika kikopo chake.