Laptopu "Yenye Nguvu" ya Mwanafunzi wa Dizaini: Kabla Hujatoa Pesa, Soma Hii

Kila mwaka ikifika wakati wa kuripoti chuoni, simu yangu inajaa ujumbe wa aina moja. "Kaka, mdogo wangu anaenda kusomea dizaini, wameambiwa wanunue laptopu yenye nguvu. Ni gani?" Nauliza, barua imesema nini kingine? Hakuna. Yenye nguvu, basi. Mzazi anaingia mjini na hayo maneno mawili na pesa mfukoni, na muuzaji wa kwanza atakayemwambia "hii ni i7, mkubwa" anabaki na hizo pesa.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna wasee watanirushia mawe. Kwa mwanafunzi wa dizaini mwenye bajeti ya kawaida ya Kenya, laptopu mpya inayong'aa dukani mara nyingi ndiyo chaguo baya. Afadhali mashine kubwa ya kazi iliyotumika ng'ambo, zile tunaita "ex-UK", mradi unajua unachokagua.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Mwaka jana binamu yangu aliitwa chuo kimoja hapa Nairobi kusomea usanifu wa ndani ya nyumba. Mamake, shangazi yangu, ni mkulima Kitale. Alinitumia 70,000 kwa M-Pesa: nusu ni pesa ya mahindi, nusu ni mkopo wa chama ambao bado anaulipa. Akanipigia akasema, "Mwanangu, hizo zikiisha hakuna zingine." Ukishaambiwa hivyo, huwezi kununua kitu kwa sababu kina rangi nzuri.

Kitu cha kwanza ni kuuliza programu, si laptopu. Dizaini ni neno pana sana. Anayesomea grafiki na dizaini ya apu atashinda kwa Photoshop, Illustrator na Figma. Figma yenyewe inafunguka hata kwa brauza. Huyo anahitaji RAM ya kutosha, SSD na skrini nzuri, na anaweza kuishi bila kadi kubwa ya grafiki. Anayesomea usanifu wa majengo, wa ndani ya nyumba au wa bidhaa atakutana na AutoCAD, Revit, 3ds Max au SolidWorks. Anayefanya animesheni atakuwa kwa Blender, na wa video atakuwa kwa Premiere au DaVinci Resolve. Hao ndio kadi ya grafiki inawasaidia kweli.

Hapo ndipo mjadala wetu wa MacBook uliisha. Binamu alikuwa anaitaka kwa sababu kwa grupu yao ya WhatsApp kila mtu alikuwa anaitaja. Kwa pesa zile tungeweza kutafuta MacBook Air ya M1 iliyotumika, ile ya 2020, yenye RAM ya 8GB. Ni mashine safi, nyepesi, betri inakaa siku nzima, na kama angekuwa anasomea grafiki pengine ningemwambia aichukue. Lakini Revit na 3ds Max ni za Windows pekee. Na ile RAM imeunganishwa moja kwa moja na chipu, huwezi kuongeza hata senti moja baadaye. Nilimwambia apigie mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi yake amuulize wanatumia nini. Simu ya dakika 5. Akajibiwa Revit na 3ds Max, na hakunitajia MacBook tena.

Sasa tuje kwa kibandiko cha i7, maana hicho ndicho kinakula watu. Jina la i7 peke yake halikuambii kitu. Angalia namba zinazofuata. Intel Core i7-6600U ni ya kizazi cha 6 na ina viini 2. Core i5-8250U ni ya kizazi cha 8 na ina viini 4. Ndiyo, i5 imeishinda i7 kwa viini mara mbili, na ukienda madukani utakuta ile i7 ya zamani inasifiwa kuliko i5. Halafu soma herufi ya mwisho. U ni prosesa ya kuokoa betri. H au HQ ni ya kazi nzito.

Kizazi kina maana nyingine pia. Kwa Intel, Microsoft inakubali Windows 11 kuanzia kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa mashine chache sana, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mtoto anaingia kozi ya miaka minne. Usimnunulie mashine ambayo tayari imeachwa nyuma siku ya kwanza.

Ujanja wa pili ni wa grafiki. Muuzaji anakuambia "hii ina grafiki ya 4GB", na anaweza hata kukuonyesha 4GB kwa skrini. Mara nyingi hiyo ni memori inayoazimwa kutoka kwa RAM ile ile, hakuna kadi yoyote ndani. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ingia upande wa utendaji, tafuta GPU. Ukiona Intel peke yake, rudisha mashine kwa meza kama kozi yako ni ya kurenda picha za 3D. Unatafuta jina la NVIDIA au AMD pembeni, lenye memori yake yenyewe.

RAM usishuke chini ya 16GB. Adobe wenyewe wanapendekeza 16GB au zaidi kwa Photoshop, na hapo hujafungua brauza yenye vichupo 20 na muziki ukicheza. Kama pesa haifiki, chukua 8GB kwa mashine yenye nafasi ya kuongeza, uongeze ukipata. Diski iwe SSD.

Skrini ndiyo kitu wanafunzi wa dizaini wanasahau kabisa, na ni macho yao. Laptopu nyingi za bei ya chini zina skrini zinazoonyesha karibu theluthi mbili tu ya rangi za kiwango cha sRGB. Kwa maelezo utaona imeandikwa "45% NTSC". Nyekundu ya nembo inageuka rangi ya tofali. Unarekebisha mpaka ikupendeze, unapeleka posta River Road ichapishwe, inatoka inawaka kama moto, mteja anakasirika. Tafuta inayokaribia 100% sRGB. Kama huna maelezo, fungua picha moja unayoijua vizuri kwa mashine mbili na uziweke kando kwa kando. Pindua skrini kidogo: rangi zikibadilika ukiangalia kwa pembeni, hiyo haifai kazi yako.

Baada ya siku 3 za kupanda na kushuka ngazi za Moi Avenue na Luthuli, tulichukua HP ZBook 15 G5. Prosesa i7-8750H yenye viini 6, RAM 16GB, SSD 512GB, na kadi ya NVIDIA Quadro P1000 yenye 4GB zake. Ilitoka kwa 62,000 baada ya kubembelezana. Elfu nane zilizobaki zilinunua mausi, diski ya nje ya kuhifadhi kazi, na begi la kawaida kabisa lisilofanana na begi la laptopu. Mnajua kwa nini, mnapanda matatu jioni kama mimi.

Binamu aliiangalia akasema, "Hii si laptopu, hii ni tofali." Hakukosea. Inapita kilo mbili na nusu bila chaja, na chaja yenyewe ni mzigo. Lakini aliyeumia zaidi ni shangazi. Alipotumiwa picha alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwani watoto wa wengine wananunuliwa mpya, wangu anabeba mtumba?"

Hapo sikumjibu na mambo ya prosesa. Kwa mzazi aliyeuza mahindi, kitu kipya kwa boksi ndiyo dalili kwamba mtoto wake pia anapendwa na hatachekwa. Hiyo haibishaniwi na namba. Nilimwambia tu: ile mpya tuliyoiona kwa pesa hizo ilikuwa na RAM 8GB, haina kadi, na ingefika mwaka wa pili ikishindwa na kazi, halafu utaombwa zingine. Na wewe ulisema hakuna zingine. Alikubali, ingawa sidhani alifurahi siku hiyo.

Na sitawadanganya kwamba mambo yote ni asali. Betri yake haimalizi saa mbili akiwa kwa 3ds Max, kwa hivyo darasani anapigania kiti cha karibu na soketi. Feni inalia. Stima ikipotea hosteli, kazi inasimama. Lakini faili za studio zinafunguka, picha zinarenda usiku akiwa amelala, na hajaniomba pesa ya laptopu nyingine.

Kama unaenda kununua, kagua hivi. Izime na uiwashe mwenyewe uone kama inadai nywila ya BIOS au inaleta jina la kampuni ya ng'ambo. Hizo za kampuni zilizofungwa zitakusumbua baadaye. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na wa sasa. Jaribu kila kitufe, kamera, spika na kila shimo la USB. Hakikisha chaja ni ya nguvu inayotakiwa, kwa sababu mashine kubwa ikipewa chaja dhaifu inapunguza mwendo wake. Dai risiti yenye namba ya mashine, na muda wa waranti uandikwe hapo. Maneno ya mdomo hayarudishi pesa.

Kuhusu lipa polepole: kabla hujasaini, zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku, ongeza amana, ulinganishe na bei ya taslimu. Ukiona tofauti ingenunua RAM ya ziada na diski ya nje, ondoka hapo polepole pia.

Programu nazo si lazima ziibiwe. Autodesk inawapa wanafunzi programu zake bure kwa mwaka mmoja, na unahuisha ukiwa bado unasoma. Blender na Krita ni bure, na DaVinci Resolve ina toleo la bure. Zile za kuvunjwa unazowekewa na fundi kwa flashi huwa zinakuja na wageni ambao hukuwaalika.

Vyuo navyo mtusaidie. Badala ya "laptopu yenye nguvu", andikeni mistari mitatu: programu zinazotumika kila mwaka, RAM ya chini kabisa, na kama kadi ya grafiki inahitajika au la. Mistari mitatu tu. Kuna mzazi Kitale, Busia ama Mwingi anayechukua mkopo kwa sababu ya hiyo barua, na hajui anachotumwa kununua.

Na wewe mwanafunzi, pigia mtu wa mwaka wa tatu kabla mzazi wako hajatuma pesa. Muulize: unafungua programu gani, na yako inakwama wapi? Andika majibu, nenda nayo dukani, usitoke na kitu kingine.