Ada ya binti yetu na mashine ya maji

Mwaka jana mimi na mume wangu nusura tuile ada ya binti yetu.

Kazi yetu ni kusafisha vioo vya ofisi hapa Dar es Salaam. Maji tunayotumia ni ya kisima, yana chumvi. Kioo kikikauka kinabaki na madoa meupe. Mteja mmoja alikataa kutulipa.

Muuzaji akatushauri tununue mashine kubwa ya kuondoa chumvi. Bei yake ilikuwa sawa na ada ya mwaka mzima. Usiku tukiijadili, binti yetu akauliza: "Mama, kwani kwa siku mnatumia ndoo ngapi?"

Hatukuwahi kuhesabu. Zilikuwa ndoo kumi za lita 20. Mashine ndogo inayojaza tangi usiku kucha ingetosha.

Safari hii tulipeleka kwanza maji yetu yakapimwe, tukauliza na bei ya vichujio vya kubadilisha. Maji ya chumvi yanayotoka pembeni hatuyamwagi, tunadekia choo.

Mzazi mwenzangu, kabla hujagusa ada ya mtoto, hesabu ndoo zako. Binti yetu bado yuko shule.